Kibao Changu Kwenye Swichi ya Friza

Sikuwa na nyumba. Sikuwa na mke. Sikuwa na kazi, wala meno ya upande wa kushoto, wala goti la kuaminika. Sikuwa na mtu wa kunisubiri mahali popote, na hilo, wasomaji wangu, linamzeesha mtu kuliko miaka. Cheti cha shule ya jioni nilikuwa nacho, ila kililowa siku ile, na maandishi yaliyobaki yanasema "amefaulu vizuri" bila kuonyesha aliyefaulu ni nani.

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua mafuriko yalivyonitoa chumbani kwangu nikiwa na redio kichwani, na mnajua redio yenyewe iliishia wapi. Aliyekosa asihangaike. Inatosha ajue kwamba nilihamia kwa binti yangu na mumewe, nikapewa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya mapazia na baiskeli mbovu.

Mzee kukaa kwa mkwe ni kukaa juu ya yai. Hutikisiki, hulali vizuri, na kila mtu anakuuliza kama umestarehe.

Binti yangu ni muuguzi. Aliona jinsi ninavyokunjwa na uvivu wa lazima, akanihurumia.

"Baba, nyumba hii ina mashine nyingi kuliko watu," akaniambia. "Friza, mashine ya kufulia, jiko la gesi, hita ya bafuni. Sisi tukitoka asubuhi tunarudi hoi. Wewe ndiye uwe unazikumbuka. Utafute mafundi, upange nani aje lini."

"Kupanga tu, au na kutengeneza?"

"Kupanga, Baba."

Neno hilo nililisikia. Sitasema sikulisikia.

Basi nikapanga. Nilichukua rula, nikachora ratiba, nikaibandika jikoni juu ya sinki. Kila mashine na wiki yake. Wiki ya friza, vumbi lifutwe mgongoni na mpira wa mlango upimwe kwa karatasi: ukiifungia karatasi mlangoni na ikachomoka bila kukwama, ujue mpira umechoka. Wiki ya mashine ya kufulia, chujio litolewe nywele na vifungo vya mashati. Wiki ya jiko, mpira wa gesi upakwe povu la sabuni, na penye kuvuja patatoa mapovu pasipo kuulizwa.

Mkwe wangu, kijana wa watu mwenye kuuza dawa dukani, hakuacha utani wake.

"Baba, leo zamu ya nani? Nisije nikabandika chai kwenye jiko lililo likizo."

"Jiko liko kazini. Likizo ni ya hita."

"Alhasili naoga maji baridi."

"Maji baridi yanaimarisha mishipa. Uliza mkeo."

Tulicheka. Nawaambia ukweli, nilianza kutembea humo ndani kwa miguu miwili.

Sasa niwaeleze kuhusu kibao, maana bila hicho hamtaelewa kitu.

Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa kwenye kiwanda cha nguo. Niliingia mfagizi. Nikatoka msimamizi wa matengenezo, kwa sababu wenzangu walipokwenda kunywa, mimi nilikwenda shule ya jioni. Wakaniita Mzee Spana nikiwa bado sina hata mvi moja. Pale kiwandani palikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Fundi anayefungua mashine anaizima, kisha anatundika kibao chake juu ya swichi. Kibao cha bati, chekundu, kimeandikwa USIWASHE, MTU YUKO KAZINI. Na aliyekitundika ndiye wa kukitoa. Si meneja, si mwenye kiwanda.

Binti yangu alikuwa akiniletea chakula cha mchana akiwa na mkoba wa shule mgongoni. Siku moja nilimsimamisha mbele ya mzee mmoja wa kufuma aliyekuwa na mkono mmoja.

"Unaona mkono wake wa pili?"

"Siuoni."

"Mwenzake alitoa kibao kisicho chake. Alidhani mtu ameshamaliza."

Usiku ule mama yake alinigombeza, mtoto alikuwa ameamka analia. Lakini tangu siku hiyo, popote alipokiona kibao changu, aliweka mikono nyuma. Nilipostaafu walinipa kibao kile kama wengine wanavyopewa saa ya ukutani. Ndicho kitu pekee kilichotoka kwenye mafuriko kikiwa kizima.

Turudi kwenye habari yenyewe.

Binti yangu alichaguliwa. Katika hospitali nzima walitaka mtu mmoja wa kwenda kusomea ukunga wa juu katika mji mwingine, na jina lililotoka ni lake. Miezi mitatu. Akirudi, wodi ya wazazi ni yake.

Lakini ana mtoto mchanga, mjukuu wangu, aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Mtoto huyo maziwa ya kopo hayataki. Ukimpa, anayarudisha yote, na kidogo cha kwake juu yake. Basi mama mtu akaanza kukamua. Alfajiri kabla ya zamu, mchana chooni hospitalini, jioni akiwa amelala nusu. Kila kifuko alikiandika tarehe, akakilaza ndani ya friza kama mtu anayepanga matofali. Alikonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Friza ikajaa nusu, ikapita nusu.

"Baba," akaniambia siku moja akiwa ameshika mlango wa friza, "hii ikaguliwe kabla sijaondoka. Ikizima mimi nikiwa kule, mtoto hana chakula. Fundi umempata?"

"Nitampata."

"Na tafadhali, mambo haya yasitoke nje. Matroni wetu hapendi habari za nyumbani. Alishasema, akisikia neno moja la udhuru, mtoto sijui mume, anafuta jina na kumpeleka aliyefuatia. Na aliyefuatia ananiangalia kila siku kama paka anayemwangalia muuza samaki."

"Kinywa changu ni kaburi."

Fundi nilimpata. Mkwe ndiye aliyenipa namba yake. Alikuja anatafuna ubani, akaingiza kichwa nyuma ya friza, akakitoa.

"Mzee, hii haina neno. Vumbi tu. Nitarudi wiki ijayo na brashi na mpira mpya."

"Utaizima kabla ya kuifungua?"

"Nitachomoa waya, Mzee. Kwani ni mnyama?"

"Na mtu akija akauchomeka wewe ukiwa ndani?"

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, naliona hilo leo. Siku ile niliona mtu ananicheka mimi, na kiwanda changu, na yule mzee wa mkono mmoja.

"Kijana," nikamwambia, "usijisumbue kurudi."

"Kazi atafanya nani?"

"Aliyeifanya kabla hujazaliwa."

Binti alipouliza, nilimwambia fundi amepatikana. Sikudanganya. Fundi alikuwa mimi.

Jumamosi ile ilikuwa ndani ya wiki ya friza kwenye ratiba. Binti alikuwa zamu, mkwe dukani, mtoto kwa jirani. Nyumba kimya, jua linawaka nje kama lina kesi na mtu. Nikavaa ovaroli langu. Nikatoa vifuko vya maziwa kimoja kimoja, nikavilaza ndani ya boksi la barafu. Nikazima swichi. Nikatundika kibao.

Nilifanya kazi safi. Hata sasa, pamoja na yote, siwezi kuitukana kazi ile. Nilifuta vumbi kwenye mabomba ya mgongoni mpaka yakang'aa kama sindano. Mpira wa mlango niliuosha kwa maji ya uvuguvugu, karatasi ikakwama pande zote. Hata mpira mpya haukuhitajika. Nilitamani yule mtafuna ubani angekuwepo.

Kisha nikairudisha friza ukutani. Hapo ilibidi niilaze kidogo ipite kwenye kona ya kabati, na hapo goti likalia kama kuni. Niliona nyota mchana kweupe.

Kitabu cha friza kinasema ukiilaza, usiiwashe papo hapo, mafuta ya kompresa, pampu yake ya baridi, yatulie kwanza. Nilikisoma kitabu kile mwanzo mpaka mwisho, nafikiri ni mimi peke yangu duniani niliyewahi kukimaliza. Barafu ya kwenye boksi ilikuwa inaanza kuwa maji, kwa hiyo nikavirudisha vifuko ndani, vikiwa bado vigumu, nikafunga mlango vizuri. Nikakiacha kibao kwenye swichi. Nitakitoa mchana, nikasema, mafuta yakishatulia.

Mkwe akaingia kula, akaniona nimeshika ukuta.

"Baba, una nini?"

"Goti linanisalimia."

"Subiri." Akatoa vidonge mfukoni, mtu wa dawa hakosi. "Kunywa kimoja. Kimoja tu, kina usingizi."

Alipotoka nikanywa viwili. Kimoja ni cha watoto, nikajiambia. Nikajinyoosha kitandani ningojee mafuta yatulie.

Hapa, wasomaji wangu, kuna shimo. Yaliyotokea ndani yake nimesimuliwa, na kila niliposimuliwa nilitamani niwe kiziwi.

Binti alirudi jioni. Akaona swichi imezimwa, akaona kibao. Akaja mlangoni kwangu.

"Baba, friza imezimwa. Maziwa yako salama?"

Wanasema nilijibu. Wanasema nilijibu kwa sauti ya kazini, ile nzito.

"Salama. Usiguse. Mtu yuko kazini."

Mkwe akasema, "Yuko kazini? Mbona anakoroma?"

"Baba akisema usiguse, haiguswi. Hujui wewe. Maziwa atakuwa ameyaweka kwenye barafu. Na kama yamo bado humo, usiifungue, ubaridi utatoka."

Jumapili asubuhi mkwe alinyoosha mkono kwenye swichi. Mkewe alikuwa anavaa viatu vya zamu, akautoa mkono ule kwenye swichi kwa mkono wake mwenyewe.

"Nimekwambia kibao cha mtu hakiguswi. Mwamshe umuulize."

Akaja kuniamsha. Niliamka, nikashukuru, nikasema sasa hivi. Goti likaniuma, nikameza kidonge kingine, nikaketi kitandani nivae viatu. Wao wakaenda kazini wakijua nimeamka, kumbe nimelala tena na kiatu kimoja.

Nilipozinduka vizuri, jua lilikuwa linapiga dirisha la magharibi. Nikatoka nachechemea kutafuta maji ya kunywa. Nikafika jikoni, nikaona lile bati jekundu kwenye swichi.

Na hili nawaambia kwa aibu yote niliyonayo: nililofikiria kwanza ni, loo, kumbe humu ndani kuna fundi mwenye nidhamu.

Kisha nikajua ni nani.

Nilifungua mlango. Hewa iliyotoka ilikuwa vuguvugu kama pumzi ya mtu. Vifuko vililala kwa safu, kila kimoja na tarehe yake, na nilipokishika cha juu kilikuwa laini kama shavu la mtoto.

Nikatoa kibao. Nikawasha swichi. Friza ikanguruma vizuri ajabu, haijawahi kunguruma vizuri hivyo tangu itoke kiwandani kwake. Mtu akiwa mjinga, mashine haimnyimi haki yake.

Binti alinikuta nimesimama pale.

Alikuja, akaingiza mkono, akabonyeza kifuko, akabonyeza kingine, akaenda mpaka cha chini kabisa. Nikaanza kusema habari za mafuta ya kompresa.

"Tunaweza kuyagandisha tena," nikasema. "Friza sasa inavuta vizuri."

"Hayagandishwi tena, Baba. Yakishayeyuka yamekwisha."

"Hata ya chini?"

"Hata ya chini."

Akavichukua akavipeleka kwenye sinki. Akachana cha kwanza, akamimina. Akachana cha pili. Nilitaka kumsaidia, nikasogea, akanizuia kwa kiwiko, taratibu, kama anavyomzuia mgonjwa asishuke kitandani. Ratiba yangu ilikuwa ukutani mbele ya macho yake. Maziwa yalikuwa yanaingia bombani na yeye anaisoma. Au alikuwa haisomi, sijui.

"Ningekiondoa mimi," mkwe akasema toka mlangoni. Hakusema kwa hasira, ndiyo maana iliuma. "Jana jioni ningekiondoa."

"Mimi ndiye niliyekukataza," mkewe akamjibu.

"Ni kosa langu," nikasema.

"Si kosa lako, Baba," binti akasema, akachana kingine. "Ulinifundisha vizuri. Nimeshika mafundisho."

Afadhali angenitemea mate.

Alipomaliza aliosha sinki, akafuta mikono, akanigeukia.

"Nakuomba kitu kimoja tu. Usitengeneze kitu kingine humu ndani mpaka mimi niseme."

"Sitagusa."

"Chochote, Baba."

"Chochote."

Jumatatu ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mkwe alichelewa kwenda dukani. Walijifungia chumbani kwao, na chumba changu na chao vimetenganishwa na ukuta wa mbao ambao hata kunguni anaupita bila kuinama. Sikusikiliza. Nilisikia.

"Basi, siendi," alikuwa anasema. "Nitafanyaje? Sina siku za kukamua mengine. Mwache mwenzangu aende."

"Mama yangu je?"

"Mama yako halali nje ya kwake hata kwa msiba. Unamjua."

"Nitampigia."

"Mpigie. Lakini mimi nimeshajua. Siendi."

Kisha nikamsikia analia, binti yangu ambaye hakulia nilipomzika mama yake, kwa sababu alikuwa ananishika mimi.

Niliketi kitandani na kibao magotini. Nikawaza. Mwanadamu mwenye elimu kidogo ana hatari hii: hawezi kukaa na kosa bila kuliandikia barua.

Niliona hivi. Nafasi imeshapotea, yeye mwenyewe ameisema. Kilichobaki ni jina lake. Kesho ataenda kwa matroni aseme siwezi, na matroni atamwona mvivu, mtu wa udhuru, asimkumbuke tena milele. Lakini mzee wa heshima akiandika kwa mkono wake, akaeleza kwamba kosa ni la mashine na la aliyeitengeneza, je, matroni si binadamu? Hatamshikia nafasi mwaka ujao?

Ningeweza kumuuliza binti. Mlango ulikuwa palepale. Lakini aliniomba nisitengeneze kitu, na barua si mashine. Ndivyo nilivyojihalalishia.

Niliandika. Huenda ndiyo barua bora niliyowahi kuandika. Nilianza na salamu za heshima kwa cheo chake. Nikaeleza kwamba mimi ndimi mzazi wa muuguzi aliyechaguliwa, kwamba ana mtoto mchanga asiyeweza kuachwa, kwamba maziwa yake yameharibikia mikononi mwangu, na kwa hiyo hataweza kusafiri safari hii. Nikaomba asihesabiwe vibaya, bali afikiriwe wakati mwingine. Nikaweka koma zote mahali pake. Nikasaini.

Nilikuwa naisoma mara ya pili nikasikia pikipiki inazimika mlangoni.

Alikuwa tarishi wa hospitali, mtu mnene mchangamfu, na mkoba wa ngozi begani. Ameleta bahasha ya binti yangu: karatasi za safari na ruhusa ya kuingia bweni.

"Shikamoo, Mzee. Mwenyewe yupo?"

"Marahaba. Amepumzika. Nipe, nitampa."

Nilipokea. Karatasi za safari isiyokuwepo. Zilikuwa nzito mkononi kama tofali.

"Kuna chochote cha kurudisha ofisini?" akauliza. "Naelekea kwa matroni moja kwa moja."

Mnaona jinsi shetani anavyomtumia mtu mchangamfu?

"Subiri kidogo," nikasema.

Nikaingia ndani. Nikaikunja barua mara tatu, nikaitia kwenye bahasha, nikalamba gundi, nikaibana juu ya meza kwa upande wa kibao changu, bati lile, nikapitisha mara mbili ishike vizuri. Nikatoka nikampa. Akautazama mwandiko.

"Mzee, mwandiko huu hauonekani tena siku hizi."

"Shule ya jioni," nikamwambia.

Akaitumbukiza mkobani, akafunga kishikizo, akapanda pikipiki. Akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Ikakohoa ikanyamaza.

Nyuma yangu mlango ukafunguliwa.

Binti yangu alitoka na mtoto begani. Macho yamevimba, lakini uso wake ulikuwa mwingine. Tangu Jumapili sikuwa nimeuona uso ule.

"Baba," akasema taratibu, tarishi asisikie, "mama mkwe amekubali. Sijui mwanawe amemwambia nini. Atafuatana nami, atamshika mtoto nikiwa darasani. Nimepiga simu bweni, wamesema mama mwenye mtoto anapokelewa. Naenda, Baba. Naenda na mtoto wangu."

Nikautazama mkoba begani kwa tarishi.

"Tena namshukuru Mungu sikumwambia mtu," akasema. "Nilikuwa nimeshashika simu nimpigie matroni. Ningefungua tu mdomo, ningekuwa nimekwisha."

Mtoto alinyoosha mkono akanishika sharubu. Mama yake akacheka. Akaweka kichwa chake begani kwangu, upande usio na mtoto, kidogo tu, akakitoa.

"Jana nilikuwa mkali, Baba. Nisamehe."

"Mzee," tarishi akaita toka barabarani, "unajua habari za pikipiki? Hii imenigomea."

"Anajua?" binti akasema. "Baba, nenda. Ruhusa nimetoa."

Nikaenda. Nilichechemea mpaka pale, nikapiga goti zuri chini. Mkoba ulikuwa unaning'inia begani kwake, karibu na uso wangu hivi kwamba niliisikia harufu ya ngozi. Neno lilikuwa moja. Nirudishie. Ningelisema, angenirudishia, mtu mwema yule. Na binti yangu, aliyesimama hatua chache nyuma akitabasamu, angeuliza: kukurudishia nini, Baba?

Nikageuza uso nikamwangalia. Alikuwa bado anatabasamu.

Basi nikafungua plagi ya injini. Ilikuwa nyeusi kwa masizi. Ningeweza kuirudisha ilivyo, nikasema imekufa, kanunue nyingine. Mikono yangu haikujua kufanya hivyo. Niliikwangua, nikaipangusa kwa ncha ya shati, nikaipuliza, nikaikaza na kuilegeza kidogo na kuikaza tena, nikitafuta neno jingine la kusema ambalo lingeufungua ule mkoba bila kumfungulia binti yangu macho. Sikulipata. Shule ya jioni hawakulifundisha.

"Jaribu," nikasema.

Akapiga kiki. Ikawaka mara moja, safi, bila hata kukohoa.

"Mungu akuzidishie, Mzee," akasema, akaweka mkoba vizuri mgongoni, akaondoka. Vumbi likainuka. Nikamwona anawasha taa ya kona, anapinda kuelekea hospitalini.

"Umeona?" binti yangu akamwambia mtoto. "Babu yako bado ni fundi."